Mapigo ya Moyo Hayana Jina

Mwezi uliopita mpwa wangu alinijia nyumbani Kibokoni, hapa Mombasa, baada ya swala ya magharibi. Alivua baibui, akakaa jamvini, na chai ikapoa mbele yake bila kuigusa. Mwishowe akasema: "Khalati, n'kimuona tu moyo wanenda mbio. Mikono yatetema, chakula hakipiti kooni. Si ndiyo mapenzi haya?" Nilimuuliza kijana mwenyewe yukoje. Akanieleza kwamba leo huandika ujumbe tangu asubuhi hadi usiku, kesho hupotea siku tatu bila neno, kisha hurudi na maneno ya asali kana kwamba hapakuwa na lolote. Habari ya posa ilikuwa imeshaanza kutajwa. Alichotaka kwangu ni neno moja tu: ndiyo.

Sikumpa. Nilimwambia, "Mwanangu, nipe siku chache." Haya ninayoyaandika ndiyo niliyoyafikiri siku hizo, na nayaandika hadharani kwa sababu yeye si wa kwanza kuniuliza. Wasichana na wavulana wengi wa mji huu wamefundishwa kuyapima mapenzi kwa joto. Ukihisi moto, umependa. Moto ukipungua, umeachwa kupendwa. Nimesoma miaka mingi kuhusu ubongo na mapenzi, na nina yakini kwamba kipimo hicho ni kibovu, na kwamba kimetuvunjia nyumba nyingi ambazo hazikuwa na ubaya wowote.

Mji wetu hujisifu kwa maneno mawili, Mombasa raha. Tumeyasema mno hata hatuyasikii tena. Raha asili yake ni Kiarabu, na maana yake ni pumziko. Furaha nalo limetoka huko huko, nalo ni kuchangamka kwa moyo. Lakini angalieni hamu. Sisi twasema nina hamu ya fulani, nina hamu ya biriani, na twaona ni neno tamu. Kule lilikotoka, hamm ni wasiwasi, jambo linalomkosesha mtu usingizi. Maneno matatu, mambo matatu. Wanasayansi walihitaji maabara na panya wengi hadi kuyatenganisha, na mtu asiyeyatenganisha atajikuta anaoa hamu akidhani anaoa raha.

Nianze na hamu, kwa kuwa ndiyo iliyochunguzwa zaidi na ndiyo inayotupoteza zaidi. Mwaka 2005 Helen Fisher, Arthur Aron na Lucy Brown walichapisha matokeo ya watu 17 waliokuwa wamezama katika mapenzi mapya. Waliwaingiza katika mashine ya MRI, ambayo huonyesha damu yaelekea wapi ndani ya ubongo, kisha wakawaonyesha picha ya mpenzi na picha ya mtu wanayemfahamu tu. Picha ya mpenzi iliamsha sehemu ndogo iliyofichika chini katikati ya ubongo, mahali panapotengenezwa dopamini, kemikali ya ubongo inayotusukuma kutafuta kitu, na kusambazwa kwingine. Sehemu hiyo ni ya msukumo, ile inayomwinua mwenye kiu aende mtungini. Fisher akashikilia hadi mwisho wa maisha yake kwamba mapenzi mapya yafanana na njaa na kiu kuliko yanavyofanana na furaha au huzuni.

Na kiu, jamani, si sawa na ladha ya maji. Hapa ndipo kazi ya Kent Berridge wa Chuo Kikuu cha Michigan iliponifungua macho. Alichunguza panya walioondolewa dopamini karibu yote. Panya hao hawakujishughulisha tena na chakula. Wasingelishwa wangekufa njaa. Lakini akiwatia sukari mdomoni, walilamba midomo kwa utamu ule ule wa panya mwingine yeyote. Kumbe kutaka ni jambo moja na kufurahia ni jambo lingine, na kila moja lina njia zake ndani ya ubongo. Kiumbe aweza kufurahia asichokitaka, na aweza kukitaka kwa nguvu zake zote kitu kisichompa furaha tena. Aliye na ndugu aliyenaswa na unga wa kulevya hapa Mombasa hahitaji maabara kuliamini hilo. Amemwona ndugu yake akikikimbilia kitu ambacho miaka mingi hakijamchekesha.

Sasa kuna jambo linaloichochea hamu kuliko uzuri, kuliko mali, kuliko hata maneno matamu. Ni kutojua. Mwaka 2003 Christopher Fiorillo, Philippe Tobler na Wolfram Schultz walipima seli za dopamini za nyani waliokuwa wakisubiri maji ya matunda. Kulikuwa na alama iliyomaanisha yatakuja kwa hakika, nyingine iliyomaanisha hayaji, na nyingine zilizomaanisha huenda. Wakati wa kusubiri, seli zile zilizidi kupamba moto pale uwezekano ulipokuwa nusu kwa nusu. Si pale penye hakika. Ni pale ambapo mnyama hakujua.

Mfikirieni basi kijana wa leo yupo kesho hayupo. Anauweka ubongo wa msichana kwenye ile nusu kwa nusu, siku baada ya siku. Huenda hajui anachokifanya, wala simwiti mwovu. Lakini msichana hulala na simu mkononi, huamka saa nane za usiku kuangalia kama alama mbili zimegeuka buluu, na lile joto analolihisi hulitafsiri kuwa kina cha mapenzi. Ni kina cha kutojua tu. Kijana mwingine anayesema nitakuja saa kumi na akaja saa kumi hampi joto hilo, na kwa sababu hiyo anaonekana hana mvuto. Nimewaona wasichana wakimwacha mtu wa namna hii kwa neno moja: "Hanishtui."

Mapigo ya moyo hayana jina. Ni kama leso iliyochapwa pindo na mji lakini bado haijatiwa jina, ule msemo wake. Jina hutiwa baadaye, na hapo ndipo ubongo unapokosea. Mwaka 1974 Donald Dutton na Arthur Aron walimweka msichana kwenye daraja la kuning'inia la Capilano kule Kanada, daraja refu linaloyumba juu ya bonde lenye kina cha mita 70 hivi. Aliwauliza maswali wanaume waliokuwa wakivuka, akawapa nambari yake ya simu. Kati ya 18 walioipokea, 9 walimpigia. Kwenye daraja jingine, imara na la chini, waliipokea 16 na wakapiga 2 tu. Wale wa daraja linaloyumba moyo ulikuwa ukidunda kwa hofu, wakaudhani unadunda kwa msichana.

Atakaye kuielewa hali hiyo asiende Kanada. Asimame Likoni saa kumi na mbili jioni, ndani ya feri iliyojaa, wakati inakaribia nchi kavu na umati umeanza kusogea kabla ya mlango kushuka. Kifua hubana. Mkono hutafuta pa kushika. Mtu akigeuka wakati huo akutabasamie, utamkumbuka wiki nzima.

Pana sababu nyingine ya kutouamini moto peke yake. Mwaka 2000 Andreas Bartels na Semir Zeki wa University College London waliwachunguza wapenzi kwa mashine ile ile, wakaona kwamba pamoja na sehemu zilizoamka, zipo zilizonyamaza. Amigdala, inayohusika na hofu, ilitulia. Zikatulia pia sehemu za mbele za ubongo zinazotusaidia kuwapima watu wengine. Akipenda, chongo huita kengeza, walisema wazee, nasi tukalichukulia kuwa neno la kuchekesha. Walikuwa wakieleza walichokiona: jicho la kupima likilala.

Naye Donatella Marazziti wa Chuo Kikuu cha Pisa, mwaka 1999, alipima damu ya watu waliokuwa katika mapenzi mapya akakuta mabadiliko katika mfumo wa serotonini, kemikali nyingine ya ubongo, yanayofanana na ya wagonjwa wenye mawazo yasiyowatoka kichwani. Alipowapima tena baadhi yao baada ya miezi 12 hadi 18, walikuwa wamerudi kama watu wengine. Ni utafiti mdogo, nami siufanyi kuwa kalenda ya mapenzi ya kila mtu. Lakini unanitosha kusema kwamba mtu aliye katika miezi ile ya kwanza asiachiwe aamue peke yake. Ndiyo maana naitetea ile kazi ya kuulizia tuliyoirithi. Simaanishi kulazimisha, maana kumwoza msichana asiyetaka ni dhulma. Namaanisha ule utaratibu wa ami au shangazi kwenda polepole kuuliza: kijana huyu akikasirika huwaje? Akidaiwa hulipa? Dada zake wamwonaje? Wanaouliza hivyo wana kitu ambacho msichana kwa wakati huo hana, nacho ni macho yaliyopoa.

Neno hilo, kupoa, ndilo lililonikalia kichwani siku zote hizo. Watu husema mapenzi yamepoa kana kwamba wanatangaza msiba. Lakini Kiswahili chetu kinasema pia homa imepoa, jeraha limepoa, mgonjwa amepoa. Ni neno lile lile, na katika maneno haya ya pili kila mtu humshukuru Mungu.

Hicho kinachopoa ni nini hasa? Schultz, yule wa nyani, alikuwa ameshalionyesha tangu miaka ya 1990. Mnyama akipata maji matamu asiyoyatarajia, seli za dopamini huwaka. Akishajifunza kwamba baada ya taa huja maji, seli huwaka kwa taa, na maji yenyewe yakija hazishughuliki tena. Ubongo haushtuki kwa mgeni aliyezoea kuja. Hivyo mume ambaye kwa miaka minane amerudi nyumbani kila jioni na mkate mkononi hawezi kuishtua dopamini ya mkewe, hata awe mwema kiasi gani. Mke akijipima kwa joto atasema simpendi tena. Mume akijipima kwa joto ataanza kutazama nje, akapate taa mpya. Nimekaa kwenye vikao vya suluhu vya jamaa zetu, nikasikiliza shutuma za pande zote mbili, na mara nyingi nilitamani mtu mmoja angewaeleza hili kabla talaka haijatamkwa. Hakuna aliyeacha kumpenda mwenziwe. Walizoeana, wakadhani mazoea ni kaburi.

Na mazoea hayaui yote. Bianca Acevedo pamoja na Aron, Fisher na Brown waliwatafuta watu 17 waliokaa katika ndoa kwa wastani wa miaka 21 na ambao bado walisema wanawapenda sana wenzi wao. Matokeo yalichapishwa mwaka 2012. Sehemu ya dopamini bado ilikuwa ikiamka kwa picha ya mume au mke. Pamoja nayo zikaamka sehemu nyingine, zile zinazohusishwa na mshikamano na utulivu, kama za mama na mwanawe. Kilichokosekana ni dalili za ule wasiwasi wa mapenzi mapya. Hamu imebaki, hamm imeondoka.

Hii ndiyo raha, na raha ina kipimo chake. Mwaka 2006 James Coan na wenzake waliwalaza wanawake 16 walioolewa ndani ya mashine, wakawaambia watapigwa shoti ndogo ya umeme kwenye kifundo cha mguu. Wakati wa kusubiri, mara walishikwa mkono na mume, mara na mtu wasiyemjua, mara hawakushikwa. Mkono wa mume uliutuliza ubongo kuliko mkono wa mgeni, na kadiri ndoa ilivyokuwa njema ndivyo ubongo ulivyotulia zaidi. Mkono tu. Hapakuwa na neno lolote lililosemwa. Nilipousoma utafiti huo nilimkumbuka marehemu baba, ambaye kila mama alipopelekwa kupimwa presha alikuwa akikishika kidole chake cha mwisho, kile kidogo, hadi mashine ilipomaliza kuvuma. Tulidhani ni mazoea ya wazee.

Janice Kiecolt-Glaser na wenzake nao walitoa matokeo mwaka 2005 ambayo ningependa yasomwe katika kila darasa la ndoa, msikitini na kanisani. Waliwachukua wanandoa 42, wakawatia malengelenge madogo mkononi, wakapima yalivyopona huku wakiwasikiliza wanavyozungumza. Kwa wale wenye maneno ya uhasama, majeraha yalipona kwa asilimia 60 tu ya kasi ya wale waliozungumza kwa upole. Ulimi wa mwenzako unaingia mpaka kwenye ngozi yako. Ndipo nasema kwamba ile nasaha ya vumilia, tunayowapa wanawake wanaotukanwa na kupigwa, haina msingi wowote ndani ya mwili. Mwili hauvumilii. Unaandika kila kitu. Na ile ndoa ya leo kofi kesho zawadi ndiyo nusu kwa nusu ya Schultz katika sura yake mbaya kabisa. Mwanamke anayeshindwa kuondoka hapo si mjinga wala hakulishwa limbwata. Amenaswa na mpangilio ambao ungemnasa yeyote, na anahitaji mtu wa kumtoa, si wa kumsuta.

Naja kwenye walioachwa. Mwaka 2010 Fisher na wenzake waliwachunguza watu 15 waliokataliwa na bado wanapenda. Picha ya aliyewaacha iliamsha sehemu zile zile zinazohusika na hamu ya kokeini. Sisi tuna neno lake, arosto, yale mateso ya mtu aliyekosa dawa aliyoizoea, na tunalijua kutoka kwa vijana wetu wanaohangaika na unga na wale wanaopanga foleni asubuhi kwenye kliniki ya methadoni, dawa ya kuwasaidia kuacha unga, kule Kisauni. Hakuna anayemwambia mtu mwenye arosto achukue kidogo tu, asafishe macho. Lakini msichana aliyeachwa twamwacha aichungulie status ya yule mtu mara ishirini kwa siku. Kila kuchungulia ni dozi. Utafiti huo ulikuwa na habari njema pia: kadiri siku zilivyopita tangu kuachwa, ndivyo sehemu moja inayohusishwa na mshikamano ilivyozidi kunyamaza. Siku zinafanya kazi, mradi usizianze upya kila usiku. Eda ina hukumu zake za dini na sitaki kuigeuza kuwa somo la dopamini, lakini huwaza kwamba aliyeachwa kwa uchumba naye anastahili muda uliotengwa, ambao jamaa wanauheshimu na hakuna anayemuuliza mbona bado.

Sijasema neno juu ya oksitosini, homoni inayosifiwa kwa kuwaunganisha wapenzi, na najua wapo waliosikia kwamba inauzwa kwenye chupa za kupuliza puani. Sifa yake ilianza kwa panya wa nyika za Marekani wanaoishi wawili wawili. Mwaka 2023 watafiti wa huko huko waliwazalisha panya hao wakiwa hawana kipokezi cha oksitosini, yaani mlango wa kuipokea mwilini, na bado walishikamana na wenzi wao. Ubongo haukutegemea kamba moja. Fedha ya chupa hiyo nunueni mihogo na madafu mkakae pwani pale Lighthouse, simu zikiwa mfukoni, muulizane maswali ambayo hamjawahi kuulizana.

Kuna pengo moja linaloniuma. Binti wa kwetu akikaribia kuolewa hupewa somo, mtu mzima wa kumkalisha na kumweleza. Somo hufundisha usafi, manukato, na mambo ya ndani, na ni elimu nzuri. Ningependa aongeze kumfundisha binti kuusoma mwili wake mwenyewe, lini unatetema na lini unatulia. Lakini mvulana hana hata huyo. Elimu yake ya mapenzi ameipata maskani, juu ya muguka, yale majani ya kutafuna, kwa wenzake wasiojua zaidi yake, kisha twashangaa anapomkimbia mke siku moto unapopungua. Wazee wa barazani wangeweza kuifanya kazi hiyo. Wanakaa pale kila jioni, kahawa ipo, na baadhi yao wameishi na mke mmoja miaka arobaini.

Mpwa wangu alirudi siku ya saba. Sikumwambia amkatae kijana wala amkubali. Nilimuuliza tu: "Mkikaa pamoja saa moja kisha mkaagana, mabega yako huwa juu au yameshuka?" Alinyamaza muda mrefu. Akasema, "Huwa juu, khalati. Huwa juu mpaka nifike nyumbani." Kisha akainywa chai yake.

Juzi alinipigia simu. Nambari ya yule kijana bado anayo, lakini status yake hajaifungua kwa siku 12. Habari ya posa sikuiuliza, naye hakuitaja. Aliniambia kwamba jana alilala baada ya isha na akaamshwa na adhana ya alfajiri, mara ya kwanza tangu Mfungo Sita.